Binti Mfalme Aliyefungua Ghala

Wakamba hawakuwa na mfalme wala malkia. Mambo yao yaliamuliwa na nzama, baraza la wazee, na mwanamke aliyevuma kuliko wote, Syokimau, alikuwa mtabiri, si mtawala. Hata hivyo, ingia kanisa la Kikatoliki Kitui au Makueni leo, hutakosa akina Elizabeth na Margaret, majina yaliyobebwa na binti mfalme na malkia.

Wapo Elizabeth waliorithi jina la mamake Yohana Mbatizaji. Wengine somo wao ni Elizabeth wa Hungaria, binti mfalme aliyezaliwa mwaka 1207 na kuozwa Thuringia, Ujerumani. Njaa ilipobisha hodi mwaka 1226, mumewe akiwa safarini, alifungua maghala ya ngome ya Wartburg akawagawia maskini nafaka. Mwaka uliofuata mume alifariki njiani kwenda vita vya msalaba. Mjane huyo alijenga hospitali Marburg, akawauguza wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, akafa 1231 akiwa na miaka 24 tu. Miaka minne baadaye alitangazwa mtakatifu.

Wakamba, ambao babu zao walipitia njaa ya Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19, hawahitaji kufafanuliwa maana ya ghala kufunguliwa.

Margaret, malkia wa Uskoti aliyefariki 1093, naye alisifika kwa kulisha yatima.

Kanisa lenyewe ni changa huku: Kitui ilifanywa jimbo mwaka 1964, na Wote, Makueni, mwaka 2023. Sikukuu za wanawake hao wawili hufuatana, Novemba 16 na 17, wakati wa mvua za vuli Ukambani.