Treni ndogo za bustani: kipimo chao kinatoka wapi?

Kabambare haina reli. Mwenye kutaka kuona treni anashuka Kongolo, ao anapita Kasongo kwenda Samba. Lakini Uingereza na Ujerumani kuko watu wanaotandika reli ndani ya bustani yao wenyewe. Wanajiunga katika chama, na siku fulani wanafungua mlango ili wazazi na watoto wa mtaa waje kutazama.

Kinachoshangaza ni vipimo. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Ujerumani ilianza kuuza treni za bustani zinazoitwa LGB. Kati ya vyuma viwili vya reli kuna milimeta 45, na kichwa cha treni ni kidogo mara 22.5 kuliko cha kweli. Piga hesabu: utapata karibu meta moja. Ndio upana wa reli yetu ya Kindu–Kongolo mpaka 1955, wakati ilipopanuliwa kufika milimeta 1,067 ili ipatane na ile ya Katanga. Basi treni ya zamani ya Maniema, mtu akiitengeneza kwa udogo huo, ingetembea bustanini bila shida.

Nyingi zinatumia umeme unaopita ndani ya reli. Za mvuke ni kazi ingine: moto wa gazi unachemsha maji ndani ya tangi dogo.

Kuko pia kubwa zaidi, za reli ya milimeta 127 ao 184, ambazo watoto wanazipanda kabisa. Hapo si mchezo tena. Uingereza, tangi jipya linajazwa maji na kusukumwa mpaka mara mbili ya nguvu yake ya kawaida. Likivuja, hakuna mtoto anayepanda.