Nani Mkosaji? Habari za Fizi na Baraka, Mwaka 1965

Sote tumeona jinsi ugomvi unavyowagawia watu kazi. Mmoja hushitaki, wa pili hulia kwamba ameonewa, wa tatu huja mbio kuokoa. Kisha hubadilishana. Tuyatazame hayo katika nchi ya Fizi, wakati wa vita vya Simba.

Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akashuka Kibamba. Wenzake wawili waliitwa Moja na Mbili, naye akaitwa Tatu. Wakubwa wa Kongo walikuwa wamekubali kupokea Wakuba wa kuwafundisha vita. Kwamba yeye mwenyewe yumo, hawakuambiwa. Basi mwokozi alianza kazi yake kwa kuwaficha aliokuja kuwaokoa.

Tarehe 29 Juni waliishambulia Bendera, penye mtambo wa umeme, wakashindwa. Wakuba wanne walikufa. Hapo Wakongo na wakimbizi wa Rwanda waliopigana pamoja nao wakatupiana lawama. Na ile dawa ya kuzuia risasi, je? Mganga alisema kosa ni la woga na la wanawake. Wanawake! Huko vitani hakuwako hata mmoja. Laurent Kabila, mkubwa wao, alifika Kibamba tarehe 7 Julai, akakaa siku tano tu, akaondoka tena.

Askari walipoambiwa wapande mlima na mizigo, walijibu kwamba wao si magari. Wakuba waliona huo ni uvivu. Sisi twadhani mtu anayeamriwa na mgeni asiyejua lugha yake hana njia nyingi za kukataa.

Che alivumilia muda mrefu, na mara nyingine akawa mkali, akiwaumiza watu kwa maneno. Mwokozi amekuwa mshitaki. Haya aliyakiri mwenyewe katika maandishi yake, tena akakiri kwamba hakujifunza Kiswahili vya kutosha: Kifaransa kilimkaribisha kwa wakubwa, kikamtenga na askari.

Mwishoni mwa Septemba askari wa kukodiwa wa serikali, wakiongozwa na Mike Hoare, walitua Baraka. Oktoba wakaingia Fizi. Tarehe 21 Novemba Wakuba walirudi Kigoma kwa mashua. Wakongo wengi waliomba kuchukuliwa nao. Mashua hazikutosha, wakaachwa ufukoni.