Apnea ya usingizi kwa wafanyakazi wa usiku

Apnea ya usingizi ni tatizo la kiafya ambapo pumzi ya mtu aliyelala hukatika mara kwa mara, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Aina inayopatikana zaidi hutokea misuli ya koo inapolegea na njia ya hewa kuziba. Ubongo humzindua mtu kidogo ili avute pumzi, naye akiamka hakumbuki lolote.

Kwa walinzi, wauguzi, madereva wa malori na wengine wa zamu ya usiku, tatizo hili hugunduliwa kwa shida. Kusinzia kazini hudhaniwa kuwa ni matokeo ya zamu tu. Tena wengi wao hulala mchana, watu wa nyumbani wakiwa kazini au shuleni, hivyo hakuna anayesikia mkoromo unaokatika ghafla. Pombe au dawa za usingizi, ambazo baadhi hutumia ili walale mchana, hulegeza koo zaidi. Hatari kubwa ni ajali, hasa barabarani wakati wa kurudi nyumbani asubuhi.

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza mwaka 1981. Inatakiwa kuvaliwa katika kila usingizi, hata ule wa mchana.