Mkate Uliolala: Historia ya Mkate na Mabaki Yake katika Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Historia ya Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, imeandikwa zaidi kama historia ya vita. Wasomi wanaujua uasi wa miaka ya 1964 na 1965. Wanajua pia kwamba Ernesto Che Guevara aliishi katika milima inayotazama Ziwa Tanganyika kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, na kwamba chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, kilichoundwa mwaka 1967, kiliifanya milima hiyo kuwa ngome yake. Vita vilivyoanza mwaka 1996 na vile vya 1998 vimeandikiwa mengi zaidi. Jambo lililoandikwa kwa uchache ni namna watu wa nchi hiyo walivyokula katika miaka hiyo yote, na hasa walivyokitendea chakula kilichobaki.

Makala haya yanachunguza kitu kimoja tu, nacho ni mkate wa ngano uliolala. Ngano si zao la pwani ya Baraka. Mkate huo ni mgeni, na unga wake huja kutoka mbali. Hata hivyo, mkate ukibaki hadi siku ya pili, mama mwenye nyumba hahitaji mgeni wa kumfundisha la kufanya. Hoja ya makala ni kwamba mkate uliingia kutoka nje, lakini maarifa ya kuyatumia mabaki yake yalikuwapo tayari, kwa kuwa yalitokana na bugali. Ushahidi wa hoja hiyo unapatikana katika mambo matatu: jina la mkate, tabia ya chakula chenyewe, na maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kwa mabaki.

2. Jina lililotangulia ngano

Neno “mkate” si geni. Mzizi wake unapatikana katika lugha nyingine za Kibantu, kwa mfano Kichewa, na wataalamu wa lugha linganishi wanauhesabu kuwa ni wa kale. Kwa hiyo neno lilikuwapo kabla ya tanuri la Kizungu na kabla ya hamira ya dukani. Lilitaja chakula cha unga uliokandwa au kufinyangwa, wa nafaka yoyote iliyopatikana. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki maana hiyo pana ingali hai. Mkate wa mofa ni wa mtama, mkate wa kumimina ni wa mchele, na mkate wa kusukuma ndio chapati. Mkate wa tanuri ulipofika, watu wa pwani waliutafutia jina la pekee, wakauita “boflo”, kwa sababu neno “mkate” pekee halikutosha kuutambulisha.

Upande wa Kongo, neno hilohilo lilifuata njia nyingine. Katika Kilingala cha Kinshasa “mikate” si mikate ya tanuri bali ni maandazi madogo ya mviringo yanayokaangwa katika mafuta. Mkate wa tanuri unaitwa kwa jina jingine kabisa. Mtu wa Baraka anayefika Kinshasa na kuomba mikate huletewa asichokitarajia. Jambo hili linaonyesha kwamba katika historia ya eneo zima neno lilifungamana na kazi ya mikono, yaani kukanda na kufinyanga, kuliko lilivyofungamana na ngano.

Kwa wakazi wa Fizi, wengi wao wakiwa Wabembe, unga huo wa kufinyangwa ni bugali, na hasa bugali wa muhogo. Muhogo nao ni mgeni wa zamani, kwani ulitoka Amerika na kuletwa Afrika na Wareno. Leo hakuna anayeukumbuka ugeni wake.

3. Ngano yafika ziwani

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walikuwa wakilima ngano kwa ajili ya meza zao, na wasafiri kama Richard Burton waliliandika jambo hilo. Njia ya misafara ilitoka huko hadi Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilivuka ziwa. Mnamo Aprili 1858 Burton na mwenzake Speke walipita Ubwari, rasi iliyo mbele ya Baraka, wakaidhania kuwa ni kisiwa. Kiswahili kilivuka kwa mitumbwi hiyohiyo, na pamoja nacho desturi za vyakula vya Waislamu wa pwani. Biashara hiyo ilibeba pia watumwa na pembe za ndovu, na haifai kukumbukwa kwa mikate peke yake. Utawala wa Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, katika sehemu za kaskazini za ziwa ulivunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1894.

Mlango wa pili ulikuwa wa dini. Mwaka 1880 Mapadri Weupe wa Lavigerie walifungua kituo katika nchi ya Masanze, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha kingine huko Kibanga. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki la Kilatini, mkate wa Misa lazima uwe wa ngano na usitiwe chachu. Muhogo haukubaliki wala mtama. Kwa hiyo tangu siku za kwanza za misheni hizo, pwani hiyo ilikuwa na hitaji la ngano lisiloweza kuzibwa kwa zao jingine. Inafaa kuona pia kwamba mkate huo ulikuja na kanuni kali juu ya mabaki yake: hostia zilizogeuzwa zikibaki hazitupwi bali huhifadhiwa katika tabernakulo. Katika Injili vilevile, baada ya umati kushibishwa, vipande vilivyosalia vilikusanywa vikajaza vikapu 12. Waislamu kwa upande wao wana desturi ya kuokota kipande cha mkate kilichoanguka njiani na kukiweka pembeni kisikanyagwe. Basi dini zote mbili zilizofika Baraka zilifundisha kwamba mkate ni riziki na kwamba riziki haidharauliwi.

Mlango wa tatu ulikuwa wa reli. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1915 reli ya Wabelgiji iliunganisha Kabalo na Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa sehemu zake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Tangu hapo gunia la unga liliweza kutoka bahari ya Hindi hadi ziwani kwa njia ya reli, na kumaliziwa kwa meli. Ndiyo maana bei ya mkate wa Baraka, hadi leo, husikiliza habari za Kigoma na Bujumbura kuliko habari za Kinshasa.

4. Tabia ya mkate na tabia ya bugali

Kwa nini mkate huwa mgumu ukilala? Jibu la haraka ni kwamba umekauka, lakini jibu hilo halitoshi. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate huwa mgumu hata ukizuiwa usipoteze maji yake. Sababu kubwa ni wanga. Unga ukipikwa, chembe za wanga hunywa maji na kulainika; chakula kikipoa, wanga huo hujipanga upya na kukaza. Ukipashwa moto tena, unalegea kwa muda.

Jambo hilohilo ndilo linaloutokea bugali. Bugali wa jana ni mgumu kwa sababu ileile inayoufanya mkate wa jana kuwa mgumu, na dawa zake ni zilezile: moto, maji au mafuta. Bugali uliolala hukatwa vipande na kuwekwa juu ya makaa hadi ufanye ganda. Mkate nao huokwa vivyo hivyo. Bugali hulainishwa kwa mchuzi wa moto. Mkate huchovywa katika chai, au humegwa ndani ya mchuzi wa samaki au wa maharagwe. Bugali hukaangwa, mkate hukaangwa katika mafuta ya mawese, na penye yai huchovywa kwanza katika yai. Katika miji ya pwani mkate uliokauka kabisa huendelea mbele zaidi. Hupondwa ukawa chenga za kufunikia katlesi kabla ya kukaangwa, au huloweshwa katika maziwa na mayai ukawa pudini.

Hapa pana mpaka mmoja ambao wazee waliujua na sayansi imeuthibitisha. Mkate uliolala si mkate ulioota ukungu. Mkate una vitundu vingi, na nyuzi za ukungu hupenya ndani kupita doa linaloonekana. Kukata sehemu yenye doa hakutoshi, na kuuoka hakuondoi sumu zote za ukungu. Kwa hiyo methali isemayo “akiba haiozi” haiwezi kutumiwa kwa mkate bila tahadhari. Akiba hii huoza, na ustadi ni kuiwahi.

5. Kiporo na makombo

Kiswahili kina msamiati mpana wa mabaki, na haufanani kwa maana. “Kiporo” na “mwiku” ni chakula cha usiku kilicholala ili kiliwe asubuhi. “Bariyo” ni kilichowekwa kwa makusudi kwa ajili ya wakati wa baadaye. “Ukoko” au “matandu” ni kile kilichogandamana chini ya sufuria, na watoto hukigombania. “Makombo” ni kilichosalia katika sahani baada ya mtu kula.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ile kati ya kiporo na makombo. Wanga ni uleule na saa ni zilezile. Kilichobadilika ni uhusiano wa mlaji na chakula. Kiporo ni changu: nilikipika, au alikipika mama yangu, na kikabaki katika chungu chetu. Makombo ni ya mtu mwingine aliyekula akashiba kwanza. Mtu hula kiporo bila aibu, wala hawezi kumkaribisha mgeni wake kwa makombo. Lugha imeweka heshima ya mtu mahali ambapo mwanakemia haoni tofauti yoyote.

Tofauti hii inakuwa nzito historia inapofika mwaka 1996. Vita viliwavusha watu wengi wa Fizi na Uvira hadi Tanzania, nao wakapokewa katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama vile Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Lugufu, iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2009. Huko walipewa posho ya unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lililoanzishwa mwaka 1961, liliundwa kwa wazo la kuitumia ziada ya mazao ya nchi zenye shibe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1954 juu ya msaada wa chakula ilikuwa imetangulia na wazo hilohilo. Kwa mtazamo wa hesabu za dunia, basi, posho ya mkimbizi ilikuwa sehemu ya mabaki ya meza ya wengine. Kwa Kiswahili kikali, ingeweza kuitwa makombo.

Lakini chakula hicho hakikuliwa kama makombo. Unga uligeuzwa bugali, na sehemu ya posho iliuzwa sokoni ili kupata kile ambacho posho haikuwa nacho. Unga wa ngano ulipopatikana, ulikandwa, ukawa maandazi na chapati za kuuza. Kilichobaki jioni kililala katika sufuria ya mwenye nyumba, na asubuhi kikawa kiporo chake. Chakula kilichoingia kambini kama ziada ya mgeni kilitoka jikoni kikiwa mali ya nyumba. Kuanzia Oktoba 2005 meli ziliwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka, na wanawake waliorudi walirudi na ustadi huo.

6. Hitimisho

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mwanahistoria anayehesabu tu magunia yaliyofika Baraka, iwe ni ya misafara, ya misheni, ya Wabelgiji au ya mashirika ya msaada, atawaandika watu wa Fizi kama wapokeaji. Akiuliza kilichotendwa siku ya pili, baada ya gunia kufunguliwa na mkate kuliwa, atawakuta watu wenye maarifa yao, waliokifanya cha mgeni kiwe chao.

Pili, kamusi zetu za Kiswahili zimekusanya maneno ya mabaki kwa kuegemea zaidi upande wa mashariki wa ziwa na pwani. Maneno ya jikoni ya Fizi, Baraka, Mboko na Ubwari yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule, pamoja na yale ya Kibembe yaliyo nyuma yake. Wazee walioukuta mkate ukiwa ungali kitu cha nadra wanapungua mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi anayekwenda kwao likizo hahitaji vyombo vyovyote vya utafiti. Aketi jikoni asubuhi kabla chai haijamiminwa, na aulize kipande cha jana kinaitwaje.