Nani Alikuchagulia? Stori ya Programu Zinazokuja Tayari kwa Kompyuta

Washa kompyuta yoyote mpya. Kabla hujagusa chochote, tayari kuna programu ya kuingia kwa intaneti, ya kucheza muziki, ya kuangalia picha. Hukuchagua hata moja. Kuna watu walikaa chini wakabishana, na wengine wakafikishana kortini, ndio wewe ukapata hiyo orodha. Kwa lugha ya kompyuta hii inaitwa chaguo-msingi: kile kinachotumika mpaka wewe mwenyewe useme hapana. Na tuseme tu ukweli, wengi wetu huwa hatusemi hapana.

Hata jamaa wa Luthuli anayekuuzia laptopu ya ex-UK ni mmoja wa hao wachaguzi. Akikuwekea Windows, anakuwekea Chrome na VLC papo hapo, na miaka mitatu baadaye bado unatumia Chrome na VLC. Hakukulazimisha. Alitangulia tu.

Wasee wengi wanadhani hayo ni mambo ya mafundi. Mimi naona ni mambo ya mamlaka, na historia iko upande wangu.

Netscape, na gharama ya kutangulia

Katikati ya miaka ya tisini, ukisema intaneti ulikuwa unamaanisha Netscape Navigator. Ndicho kivinjari watu walitumia. Microsoft ikatoa Windows 95 mwezi Agosti 1995, na muda si muda ikaleta kivinjari chake, Internet Explorer. Kufikia Windows 98, Internet Explorer ilikuwa imeshonwa ndani ya Windows kabisa.

Kumbuka intaneti ya wakati huo ilipita kwa laini ya simu. Kupakua programu nzima ilikuwa shughuli ya kungoja na kungoja, na laini ikikatika unaanza upya. Sasa kama kivinjari kimoja kiko tayari kwa mashine na kingine ni lazima ukitafute, nani atahangaika?

Mwezi Mei 1998 serikali ya Marekani na majimbo kadhaa wakaishtaki Microsoft. Mwaka wa 2000 Jaji Thomas Penfield Jackson akaamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta amri ya kugawanya, lakini ikakubali kwamba Microsoft ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake. Uamuzi mzuri, lakini ulifika mazishi yakiwa yameisha. Netscape ilikuwa imeshauzwa kwa AOL, na Internet Explorer ilikuwa njiani kupita asilimia 90 ya soko.

Kilichofuata ndicho watu husahau. Internet Explorer 6 ilitoka 2001. Toleo la 7 lilitoka 2006. Miaka mitano! Ukishakuwa chaguo-msingi la karibu kila mtu, ujikaze kwa nini? Waliolipia huo uvivu ni sisi watumiaji, kwa kurasa zinazokwama na mashimo ya usalama. Kilichoamsha soko ni Firefox, iliyotoka mwishoni mwa 2004, na hiyo ilizaliwa kutokana na msimbo ambao Netscape iliufungua kwa umma kabla haijazama.

Ubuntu na megabaiti 700

Sasa twende upande wa pili, kwa mfumo usiouzwa. Mwaka wa 2004, Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyekuwa ameshaenda hadi angani, alianzisha kampuni ya Canonical na mfumo wa Linux unaoitwa Ubuntu. Jina linatoka kwa lugha kama Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Kwa miaka kadhaa ungeweza kuagiza CD na ikakufikia kwa posta bure, bila kulipa hata senti.

Mifumo mingi ya Linux wakati huo ilikuja na CD kadhaa zilizojaa programu: vivinjari vitatu, vihariri vitano, kazi ni kwako kuchagua. Ubuntu ikasema hapana: CD moja, na kila kazi ipate programu moja. CD inabeba kama megabaiti 700. Kwa hivyo kila kitu kinachoingia lazima kitoe kingine. Hapo ndipo kuchagua kulianza kuuma.

Mfano: GIMP, ile programu maarufu ya kuhariri picha, ilitolewa kwa orodha katika toleo la 10.04, mwaka wa 2010. Hoja ilikuwa kwamba inakula nafasi, na mtu wa kawaida anayetaka tu kukata picha pembeni haihitaji. Mashabiki wake waliwaka. Lakini fikiria swali lenyewe: huyu mtu wa kawaida ni nani, na nani alimuuliza?

Au chukua muziki. Rhythmbox ilikuwa ndiyo ya kawaida. Mwaka wa 2011, toleo la 11.04 likaweka Banshee badala yake. Mwaka mmoja baadaye, katika 12.04, Rhythmbox ikarudi. Banshee ilitegemea mzigo mwingine mzima unaoitwa Mono, na nafasi kwenye CD ilikuwa bado ni vita.

Hadi hapo unaweza kusema ni mambo ya fundi na kabati dogo. Shida ni pesa ilipoingia. Banshee ilikuwa na duka la muziki la Amazon ndani yake, na kila ukinunua wimbo, kamisheni yote ilienda kwa GNOME Foundation, shirika lisilo la faida. Banshee ilipochaguliwa, Canonical iliamua kuchukua asilimia 75 ya hiyo kamisheni. GNOME ikaachiwa 25. Programu ni ile ile na duka ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa inakuja tayari, na mwenye mlango akataka kodi.

Mwaka uliotangulia, 2010, Canonical ilitangaza kwamba Firefox ndani ya Ubuntu itaanza kutafuta kwa Yahoo badala ya Google, kwa sababu ya makubaliano ya kugawana mapato. Miezi michache tu, kabla toleo halijatoka, wakarudi kwa Google. Mstari mmoja kwenye mipangilio, na nyuma yake kuna mikataba.

"Si unaweza kuizima?"

Halafu ikaja Oktoba 2012, na toleo la 12.10. Ubuntu ilikuwa na sehemu ya kutafuta vitu kwa mashine yako, tuseme faili uliyoihifadhi jana. Katika toleo hili, ulichoandika pale kilitumwa pia kwa seva za Canonical, na majibu yakarudi na bidhaa za Amazon. Unatafuta faili yako ya siri ndani ya mashine yako, unaonyeshwa vitu vya kununua.

Richard Stallman, mzee wa harakati za programu huru, aliiita programu ya upelelezi waziwazi. Watetezi wa faragha wakalalamika. Jibu lililosikika sana upande wa pili likawa: si unaweza kuizima?

Ndiyo, ungeweza. Na hapo ndipo nasimama kidete. Hilo jibu ni la kuhepa. Anayeweka swichi ikiwa imewashwa anajua vizuri kwamba wengi hawataigusa, na hesabu yake imejengwa juu ya hilo. Kama kweli aliamini watu wanaitaka, angeiweka ikiwa imezimwa akaona wangapi wataiwasha. Ilichukua hadi toleo la 16.04, mwaka wa 2016, ndipo ikaja ikiwa imezimwa. Mwaka wa 2017 Ubuntu ikaachana na Unity, sura nzima ya eneo-kazi iliyobeba huo utafutaji, ikarudi kwa GNOME.

Nitaipa Canonical heshima moja lakini. Hizi kelele zote zilipigwa hadharani, ndio maana naweza kukusimulia leo. Na msimbo uko wazi, kwa hivyo wasiopenda waliweza kuondoka na kujenga chao. Linux Mint imesimama juu ya Ubuntu na kuchagua tofauti. Debian, mzazi wa Ubuntu, ilipotaka kuchagua programu inayoamka ya kwanza na kuamsha zingine zote, kamati yake ya kiufundi iligawanyika nne kwa nne mwaka wa 2014. Kura ya mwenyekiti ndiyo iliipa systemd ushindi, na waliokataa wakajitenga wakaunda Devuan. Ni fujo, lakini ni fujo unayoweza kuiona.

Wanaolipa wanajua bei

Kwa mifumo iliyofungwa, ilibidi serikali ziingilie. Kuanzia Machi 2010, Microsoft ililazimika kuwaonyesha watumiaji wa Windows huko Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari wenyewe. Kisha ukurasa huo ukapotea kwa kompyuta nyingi kati ya Mei 2011 na Julai 2012. Microsoft ilisema ni hitilafu ya kiufundi. Watu milioni 15 hivi hawakuuona, na mwaka wa 2013 Tume ya Ulaya ikaitoza faini ya euro milioni 561.

Bado unaona ni kitu kidogo? Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ilibainika kwamba mwaka wa 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa kampuni mbalimbali ili iwe injini ya utafutaji inayokuja tayari. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake wa utafutaji. Hiyo ni bilioni, si milioni. Google ni bure, inajulikana na kila mtu, na mtu yeyote anaweza kuibadilisha au kuirudisha kwa dakika moja. Hakuna mtu hulipa pesa kama hizo kwa kitu ambacho hakibadilishi chochote.

Sisi tunaingia wapi?

Tunaingia kwa lugha. Mwaka wa 2004, mwaka ule ule Ubuntu ilizaliwa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure. Walilazimika kutafuta neno kwa neno jinsi ya kuita menyu, faili na amri zote. Kazi kubwa. Lakini ingia saiba yoyote leo uone kompyuta inakusalimu kwa lugha gani. Hata Ubuntu yenyewe, yenye jina la Kibantu, ukianza kuisakinisha lugha iliyochaguliwa tayari ni Kiingereza.

Kiswahili hakikukosekana. Kilikosa kutangulia. Ni yale yale ya Netscape: kitu kinaweza kuwepo, kiwe kizuri, kiwe bure, na bado kipotee kwa sababu ni lazima ukitafute. Halafu mtu anakuja kutuambia vijana hawataki Kiswahili kwa kompyuta. Waliulizwa lini?

Sisemi kila mtu aanze na skrini tupu achague programu hamsini. Zile CD zilizojaa vivinjari vitatu zilichosha watu, na Ubuntu ilikuwa sahihi kwa hilo. Lazima mtu achague. Lakini anayechagua kwa niaba ya wengine ana deni: aseme wazi analipwa na nani, arahisishe kubadilisha, na chochote kinachobeba data yangu nje ya mashine yangu kije kikiwa kimezimwa mpaka niseme ndiyo. Ukishindwa na hayo, usiite mfumo wako jina la utu.

Na wewe pia una kazi ya dakika kumi. Fungua mipangilio, tafuta pale pameandikwa programu za chaguo-msingi. Angalia kivinjari, injini ya utafutaji, na lugha. Uliza kila moja ilifikaje hapo. Ukiamua kuiacha, iache. Angalau sasa ni wewe umeamua.