Ugonjwa wa Akili na Dhima ya Jinai

Mtu aliyeua au kujeruhi hahesabiwi mhalifu kwa tendo lake tu; sheria hutazama pia akili aliyokuwa nayo alipolitenda. Ugonjwa ukiwa umemnyang'anya uwezo wa kujua anafanya nini, au kujua kwamba ni vibaya, hana dhima ya jinai. Kanuni hiyo katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, Kenya na Tanzania zikiwemo, chimbuko lake ni risasi moja iliyofyatuliwa London.

Tarehe 20 Januari 1843, Daniel M'Naghten, mkereza mbao kutoka Glasgow, alimpiga risasi ya mgongo Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Inaaminika alidhani anampiga Peel mwenyewe. Drummond alifariki siku tano baadaye. Kwa muda mrefu M'Naghten alikuwa akishikilia kwamba wafuasi wa chama cha Tory wanamwandama mchana na usiku ili kumwangamiza. Madaktari walitoa ushahidi juu ya hali yake, na mwezi Machi jopo la raia likamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Hakuachiwa. Alifungiwa hospitali ya Bethlem, kisha Broadmoor, na huko akafa mwaka 1865.

Umma ulighadhibika, na Malkia Victoria, aliyekwisha kuponea shambulio la bastola mwaka 1840, hakuridhika hata kidogo. Baraza la Malodi likawataka majaji waeleze sheria inasemaje, na majibu yao ndiyo yanayoitwa Kanuni za M'Naghten. Kila mtu hudhaniwa ana akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Anayejitetea kwa wazimu lazima aonyeshe kwamba wakati wa tendo alikuwa na ugonjwa wa akili uliomfanya asijue analotenda, au asijue kuwa ni kosa. Kwa hiyo cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Mtu anaweza kuugua skizofrenia kwa miaka mingi na bado awe na dhima kwa kosa alilolitenda akiwa na utambuzi wake. Ieleweke pia kwamba wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu yeyote. Kumwogopa kila mgonjwa ni kumdhulumu.

Kanuni hizo zina upungufu mmoja mkubwa: hazimgusi anayejua kuwa anakosea lakini hawezi kujizuia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 13, imeliziba pengo hilo kwa kumwondolea dhima pia yule ambaye ugonjwa umemnyima uwezo wa kulidhibiti tendo lake. Hapo Tanzania imewapita majaji wa 1843, na imefanya vyema.

Suala hili likizuka kortini nchini humo, mshtakiwa hupelekwa kuchunguzwa, mara nyingi Isanga, taasisi iliyo chini ya hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, na daktari hutakiwa kuandika taarifa ndani ya siku 42. Taarifa hiyo haimfungi jaji. Hupimwa pamoja na ushahidi mwingine: maneno ya mshtakiwa kabla na baada ya tukio, kama alikimbia au alificha silaha, na historia yake ya matibabu. Hapa ndugu na majirani huwa mashahidi wa thamani kubwa, kwa kuwa wao ndio waliomwona akianza kubadilika.

Kenya ilibaki na uamuzi wa ajabu, "ana hatia lakini ni mwendawazimu", uliotungwa Uingereza mwaka 1883 baada ya Malkia Victoria kushambuliwa tena. Uingereza iliuacha mwaka 1964. Aliyeamuliwa hivyo Kenya huwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Rais, bila ukomo uliotajwa. Wengine wamekaa humo muda mrefu kuliko kifungo ambacho mtu mwenye akili timamu angepewa kwa kosa lile lile. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wametamka kuwa kizuizi cha namna hiyo kinapingana na Katiba ya 2010. Wamesema kweli: mgonjwa anahitaji tiba, na muda wa kumzuia upangwe na kupitiwa na mahakama kwa ushauri wa madaktari.