Mnara wa Tunguu na minara inayokuja

Kimya changu ni cha asaimenti tu, msinifikirie vibaya. Leo nimeamua kuandika historia, tena historia ya hapa hapa Tunguu, tunapogombania viti vya daladala kila jioni.

Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Tunguu inajulikana kwa nini, atakwambia chuo. Sawa. Lakini kabla chuo hakijafikiriwa, Tunguu ilikuwa ikizungumza na mtu aliyeko angani. Sifanyi mzaha.

Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa "ikitulinda" kama walivyoita wenyewe, ilikubaliana na Marekani kuweka kituo Unguja kwa ajili ya Mradi wa Mercury, ule wa kumfanya Mmarekani aizunguke dunia. Chombo kikishapanda juu, kituo kimoja cha chini hukipata kwa dakika chache tu, kisha kinapotea kwenye upeo. Kwa hiyo wakapanga vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati ya hivyo ni meli. Njia ya chombo ilitoka Florida, ikavuka Atlantiki, Visiwa vya Canary, Kano kule Nigeria, halafu kwetu, halafu meli iliyosubiri Bahari ya Hindi, mpaka Australia.

Hapa watu hawakukubali hivi hivi. Hizbu walipinga, maandamano yakafanyika, na hoja ilikuwa kwamba hichi si kituo cha anga, ni kambi ya makombora. Wazee wengine mpaka leo wakikitaja kituo kile husema "mambo ya roketi".

Sasa sikilizeni. Tunguu haikuwa na roketi hata moja, na la ajabu zaidi, haikuwa na rada. Rada ziliwekwa Bermuda, Canary, Australia na kwengineko. Kano na Unguja zilipewa mitambo ya sauti na ya kupokea vipimo vya chombo. Yaani tulikuwa na sikio na mdomo, macho hatukupewa.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa saa 11 na dakika 47 jioni kwa saa zetu. Nusu saa baadae yuko juu ya Unguja, watu wanajiandaa na magharibi. Akafanya mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira ili madaktari waone moyo wake unavyokwenda. Mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika. Hebu fikiria: mitambo ya Tunguu inaweza kusoma moyo wa mtu aliyeko juu ya anga, lakini haina rada ya kupima yuko umbali gani. Kwa hilo walitegemea hesabu za kompyuta Marekani, zilizotokana na rada za vituo vyengine.

Kwa nini wasiweke mtambo mmoja ufanye yote? Kwa sababu wakati ule rada na mawasiliano zilikuwa kazi mbili zenye vifaa viwili. Rada hupiga ukelele mfupi wenye nguvu, hunyamaza, husubiri mwangwi. Redio ya mawasiliano husema mfululizo na haijali mwangwi. Chombo cha Glenn kilibeba vifaa vya kujibu rada, na pembeni redio za sauti na za vipimo, kila kimoja na uzito wake.

Kichekesho ni kwamba vitu hivi vilizaliwa pamoja. Tarehe 26 Februari 1935 Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walipotaka kuthibitisha kwamba ndege inaweza kugunduliwa kwa redio, hawakutengeneza rada. Walitumia mtambo wa BBC wa masafa mafupi ulioko Daventry, uliokuwa ukirusha matangazo yake ya kawaida, na ndege ikapitishwa hapo. Mwangwi ukaonekana. Redio ya kusema ndiyo iliyoona. Vita vikaja, kila fani ikashika njia yake.

Wakakutana tena kwenye safari za Apollo: wimbi moja lilibeba sauti, vipimo, na pia alama za kupimia umbali na kasi. Ingawa pale chombo chenyewe kilikuwa kikiitikia, si mwangwi mtupu. Tunguu haikuyaona hayo. Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani wakaondolewa kwa meli ya kivita, na Aprili mwaka huo serikali ya Mzee Karume ikataka kituo kiondoke. Kazi ikahamia Madagascar, ambako nako kilifungwa 1975.

Haya, kwa nini nawachosha na hayo yote? Kwa sababu Novemba 2023 Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lilitoa mwongozo wa mitandao ya simu ya kizazi cha sita, inayotarajiwa kama mwaka 2030. Kati ya matumizi sita yaliyotajwa, moja ni kuunganisha mawasiliano na kuhisi. Mnara ule ule unaokupa intaneti utasikiliza mwangwi wa mawimbi yake na kujua kuna nini mbele yake. Mwangwi ukichelewa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kitu kiko mita 150. Ukiwa na upana wa masafa wa megahezi 100, unaweza kutenganisha vitu vilivyoachana mita moja na nusu. Wimbi likirudi limebadilika kidogo, kitu kinatembea.

Nawaza Uroa kwetu. Mnara wa mita 40 pwani, upeo wake baharini ni kama kilomita 26. Ngalawa iliyopotelewa usiku nje ya mwamba, haina taa wala simu yenye chaji, ingeweza kutafutwa. Tuliosoma habari za Spice Islander 2011 na Skagit 2012 hatuwezi kulidharau hilo. Ila msidanganyike na matangazo: umbali ukizidi mara mbili, mwangwi hupungua mara 16, na mbao hurudisha kidogo kuliko chuma. Bahari ikichafuka, mawimbi ya maji nayo yanarudisha mwangwi wake.

Na mnara hautachagua ngalawa peke yake. Utamuona mama anayeshuka kwenye mwani maji yakitoka, utamuona na kijana anayepita ufukweni usiku, hata kama hakubeba simu. Mpaka leo ukitaka usifuatwe unaiacha simu nyumbani. Hapo haitasaidia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini mwangwi usio na jina ni taarifa ya nani? Nani atakaa nao, kampuni ya simu, serikali, au hoteli itakayoununua?

Wale wa 1960 waliuliza mtambo huu kazi yake hasa ni nini. Kwa Tunguu walikosea jibu, mie naona swali lilikuwa sawasawa. Mwenye babu au bibi aliyeandamana, au aliyefanya kazi pale kituoni, amuulize aliambiwa nini wakati ule, kisha aniandikie hapo chini. Mie Ijumaa niko Uroa.